Wino wa Masizi, Chaki na Jua: Vyombo vya Kusomea Kasongo na Kabambare

Msafiri David Livingstone aliishiwa karatasi katika nchi ya Maniema, mashariki mwa Kongo ya leo. Alifika Bambarre, yaani Kabambare ya leo, mnamo Septemba 1869, na vidonda vya miguu vikamfunga hapo kwa miezi mingi. Akaanza kuandika kwenye vipande vya karatasi vilivyosalia. Alipofika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, mwishoni mwa Machi 1871, alikuwa tayari anaandika juu ya gazeti kuukuu la London, Standard la tarehe 24 Novemba 1869, maneno yake yakikatiza mistari iliyokwisha kuchapwa. Wino wake pia ulikuwa umekwisha, akatumia rangi nyekundu ya mbegu za zingefuri aliyoipata huko huko. Rangi hiyo ilififia kiasi kwamba kurasa hizo hazikusomeka vizuri tena, mpaka wataalamu walipozipiga picha kwa miale ya mwanga wa aina mbalimbali na kuzitangaza mwaka 2011.

Majirani zake katika miji hiyo hawakuwa na shida kama hiyo. Wafanyabiashara wa pwani na Waungwana waliofuatana nao walikuwa na njia ya kufundisha kuandika ambayo haikuitegemea karatasi hata kidogo.

Kijana wa leo anayesoma sehemu ya pedagojia huko Kasongo, au anayetoka Wamaza, huko Kabambare, kwenda kufanya mazoezi ya ualimu, husikia sana habari za teknolojia darasani. Anaambiwa kuhusu kompyuta, simu, masomo ya redio na intaneti. Mara nyingi habari hizo huelezwa kana kwamba nchi yake ilikuwa mikono mitupu hadi vitu hivyo vilipobuniwa. Lakini kusini mwa Maniema kumepitiwa na vyombo vya kusomea kwa muda wa karne moja na nusu, na historia yao inaweza kumfundisha mengi kuhusu lipi hudumu darasani na lipi huishia kabatini.

Chombo cha kwanza ni loho. Ni ubao wa mti uliochongwa na kulainishwa, unaomtosha mtoto kuupakata. Kalamu huchongwa kwa utete. Wino hutengenezwa kwa masizi ya chungu yaliyochanganywa na maji na gundi ya mti. Mwalimu huandika herufi, kisha aya fupi. Mtoto huzitamka kwa sauti, huzirudia mpaka zimkae moyoni, halafu huosha ubao na kuandikiwa sehemu nyingine. Chuoni, yaani katika shule ya Kurani, watoto ishirini huweza kuketi mkekani pamoja, kila mmoja na somo lake: mdogo bado yuko kwenye alifu, mkubwa amefika mbali katika Juzuu Amma, na yule mkubwa humsikiliza mdogo wakati mwalimu yuko na mwingine. Anayeelewa haraka hasubiri wenzake, na anayechelewa haachwi nyuma. Mzazi asiye na fedha alilipa kwa kuni, kwa kuku, au kwa siku ya kazi shambani mwa mwalimu.

Maandishi hayo hayakuwa ya dini tu. Kasongo ya miaka ya 1880, chini ya Hamed bin Muhammed el Murjebi anayejulikana kama Tippu Tip, iliendeshwa kwa barua. Barua za Kiarabu na za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilipita kati ya Kasongo, Nyangwe, Ujiji na vituo vya mto Kongo. Nyingi ziliangukia mikononi mwa maofisa wa Ubelgiji na zimehifadhiwa katika nyaraka za huko. Mwaka 2020 mtaalamu Xavier Luffin alichapisha kitabu kizima kuhusu nyaraka za Kiarabu na Kiswahili za miaka ya 1880 hadi 1899 zilizomo katika hifadhi za Ubelgiji. Tippu Tip mwenyewe, baada ya kurudi Unguja, aliandika maisha yake kwa Kiswahili na kwa herufi hizo hizo, na Heinrich Brode akayachapisha kwa herufi za Kirumi mwanzoni mwa karne ya 20. Historia hiyo haiwezi kusemwa bila kutaja pia pembe za ndovu na watumwa waliobebeshwa pembe hizo; kalamu ile ile iliyofundisha watoto iliandika hesabu za biashara iliyowaangamiza watoto wengine.

Mwezi Machi 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis yaliiteka Nyangwe, na Aprili yakaingia Kasongo. Vita viliendelea hadi mwanzoni mwa 1894. Kushindwa kwa Waarabu na Waungwana kulibadilisha watawala, na pia kulibadilisha maana ya kujua kusoma. Mtu aliyeweza jana kuandika barua kwa herufi za Kiarabu, kupima urithi na kuweka hesabu za mizigo, alihesabiwa kesho kuwa hajasoma, kwa sababu ofisi mpya ilitaka herufi za Kirumi. Pengo hilo lilikuwa na athari ndefu. Mkataba wa mwaka 1906 kati ya mfalme Leopold wa Pili na Vatikani uliwapa wamisionari Wakatoliki ardhi kwa sharti la kujenga shule, na kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwalipa ruzuku. Kwa muda mrefu, shule na misheni zilikuwa mlango mmoja. Wazazi wengi Waislamu wa Kasongo na Kabambare waliogopa kuwapitisha watoto wao katika mlango huo, wasije wakabatizwa. Walimu wa vyuo nao waliangaliwa na polisi kwa jicho la shaka, na baadhi ya viongozi wa dini walihamishwa mbali na watu wao.

Ndani ya shule za misheni kulikuwa na chombo kipya: ubao mweusi ukutani, na chaki. Sasa watoto wote walitazama upande mmoja, wakasoma neno moja kwa wakati mmoja, na mwalimu mmoja akaweza kuwaongoza hamsini. Hiyo ndiyo nguvu ya ubao, na ndiyo maana ulienea ulimwenguni kote katika karne ya 19. Watoto walikuwa na sileti za mkononi za kufanyia hesabu, wakaja kupata madaftari. Kiswahili kilibaki kuwa lugha ya madarasa ya chini katika sehemu nyingi za mashariki, na Kifaransa kikasubiri juu. Lakini mtoto aliyeelewa haraka sasa alisubiri wenzake, na aliyechelewa alirudia mwaka.

Ubao mweusi ulikuja na utegemezi wake. Masizi yako chini ya kila chungu, ila chaki hutoka mbali. Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyojengwa kabla ya vita vya 1914, ilipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Mizigo ya Kasongo ilipaswa kuvuka mto na kupanda barabara. Maadamu gari moshi lilikwenda na barabara ilifyekwa, chaki ilifika. Baada ya uhuru, uasi wa mwaka 1964, kisha kudorora kwa uchumi katika miaka ya 1970, vilianza kuifanya safari hiyo kuwa ngumu. Mwishoni mwa 1974 Rais Mobutu alizitaifisha shule za madhehebu. Mwaka 1977 alizirudisha chini ya mapatano, na mwishoni mwa muongo huo jumuiya ya Kiislamu nayo ikapata mapatano yake. Kwa Kasongo hilo lilikuwa tukio kubwa: sasa mzazi Mwislamu aliweza kumpeleka mtoto katika shule inayotambuliwa na serikali bila hofu ya zamani.

Mapema miaka ya 1990 serikali ikashindwa kulipa mishahara ya walimu, na wazazi wakaanza kuibeba mishahara hiyo kwa michango yao. Vita vya 1998 hadi 2003 vikafunga njia. Bidhaa zilisafiri kwa baiskeli za kusukuma, siku baada ya siku msituni, na sanduku la chaki lilishindania nafasi na chumvi, sabuni na dawa. Katika hali kama hiyo walimu wa vijijini, Kongo na kwingineko Afrika ya Kati, walirudia elimu ya wino wa zamani bila kuiita hivyo. Ubao ulipochujuka walitwanga makaa, au unga mweusi wa betri zilizokufa, wakachanganya na maji ya majani ya mihogo, wakaupaka upya. Unga wa betri una madini yasiyofaa kupumuliwa na watoto, na mwalimu mwenye busara hutumia makaa. Lakini ubao ulirudi kuwa mweusi, na somo likaendelea.

Redio ni chombo kingine kilichofika vijijini. Mwaka 1974 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walianza kufundisha hesabu kwa redio huko Nicaragua: sauti inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa pamoja, mwalimu anaongoza. Watoto waliosoma hivyo walifanya vizuri kuliko wenzao, na Kenya ikajaribu njia hiyo kufundishia Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kongo ilipofunga shule zake Machi 2020 kwa ajili ya korona, wizara ya elimu, UNICEF na Radio Okapi zilipeleka masomo ya shule ya msingi hewani. Redio haihitaji kujua kusoma, na redio moja yaitosha familia nzima. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kumsubiri mtoto aliyekosa neno moja. Hilo mwalimu wa loho aliliweza bila umeme.

Kompyuta kibao zinaahidi kurudisha uwezo huo, yaani kumpa kila mtoto somo lake kwa kasi yake. Ahadi za namna hii zina umri mrefu. Mwaka 1913 Thomas Edison alitabiri kwamba filamu zingeondoa vitabu shuleni karibuni. Peru iligawa maelfu ya kompyuta kwa watoto wa vijijini, na utafiti uliotolewa mwaka 2012 haukuona maendeleo yoyote katika hesabu wala kusoma. Vifaa vilifika, lakini walimu hawakuonyeshwa namna ya kuviingiza katika somo.

Jaribio moja lililofanyika kwa lugha ya watu wa Maniema lilikuwa Tanga, nchini Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi kumi na mitano, watoto katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo walipewa kompyuta kibao zenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, zikichajiwa kwa nguvu ya jua. Yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE. Kabla ya kuanza, zaidi ya tisa kati ya watoto kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwisho wa jaribio idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 Kitkit School na onebillion ziligawana zawadi ya dola milioni kumi, na programu za washindani wote watano wa mwisho ziliachwa wazi ili yeyote azitumie na kuzibadilisha.

Hapo ndipo mwalimu mtarajiwa wa Wamaza anapata jambo la kushika. Sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 inatambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, kuwa lugha za kufundishia, na tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure. Uamuzi huo ulijaza madarasa kupita kiasi nchini kote. Mwalimu mwenye watoto themanini na ubao mmoja ana haja kubwa kuliko mwingine yeyote ya chombo kinachoweza kumshughulisha kila mtoto peke yake. Programu za Tanga zipo, na mtu wa Kasongo anayejua kompyuta anaweza kuzirekodi upya kwa matamshi ya hapa, ili mtoto anayesema Kibangubangu nyumbani na kuanza Kiswahili asipotee katika sauti ya pwani. Mafundi wa simu na wauzaji wa paneli za jua wako sokoni. Wao ndio wa kushirikishwa kwanza, kabla ya sanduku la kwanza la vifaa kufunguliwa, maana kioo kikivunjika Wamaza hakitapelekwa Kinshasa.

Kabla ya siku hiyo, kijana wa pedagojia ana kazi anayoweza kuianza katika mazoezi yake ya ufundishaji. Katika fishi ya somo anaweza kupanga makundi kama ya chuo, wakubwa wakiwasikiliza wadogo, huku yeye akizunguka na ubao ukiwa na swali moja linalowangoja wote. Akiwa na simu moja na kipaza sauti kidogo, anaweza kuchezesha somo la kusikiliza lililorekodiwa, akalisimamisha mtoto anapokosa na kulirudisha nyuma, jambo ambalo redio haikuweza. Na pale shule yake itakapoahidiwa kompyuta, atakuwa na maswali ya kumuuliza anayezileta, maswali ambayo wazee wa loho na walimu wa chaki walilazimika kuyajibu kwa miaka mia moja na hamsini: nani atatengeneza wino, nani atauleta njia ikifungwa, na mtoto aliyechelewa atasubiriwa na nani.