Hoja bishaniwa

Mahakamani kuna neno ninalotamani lizoeleke vijijini: bishaniwa. Mzizi wake ni kubisha. Ongeza -an- upate kubishana, kazi ya watu wawili. Nyambua tena upate kile hasa ambacho wawili hao wanakigombea.

Chukua majirani wawili wa Bukiriro, Ngara, mbele ya baraza la kata. Mmoja anasema, "Mzee, migomba hii aliipanda marehemu baba yangu." Mwenzake: "Nami nimelilima shamba hili miaka 15, hakuna aliyenizuia." Sauti zinapanda, lakini hapo ubishi bado haujazaliwa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli! Waulize swali moja: marehemu alilitoa shamba, au aliliazimisha tu? Mmoja akijibu "alinipa", mwingine "alimwazima", hiyo ndiyo hoja bishaniwa. Aliyenyamaza juu ya jambo hajalipinga.

Tangu 2021 mabaraza ya kata hayaamui tena migogoro ya ardhi, yanasuluhisha tu. Lakini hata msuluhishi anahitaji kujua kinachobishaniwa. Basi, ndugu wajumbe, kabla ya kumsikiliza yeyote zaidi, andikeni swali hilo kwa sentensi moja, muwasomee wote wawili.