Kipaza Sauti: Neno Moja, Vyombo Viwili

Istilahi hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza hupimwa mezani, wataalamu wanapoijadili na kuikubali. Mara ya pili hupimwa siku chombo kinapoharibika, mwenye chombo anapolazimika kumweleza fundi kilichotokea. Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi historia ya majina ya vyombo vya sauti, na kuonyesha jinsi mojawapo, yaani kipaza sauti, linavyoshindwa katika mtihani wa pili hasa panapohusika kompyuta ya nyumbani.

Tatizo hili tulilitambua tulipokuwa Wasso, katika Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro. Wasso ni mji mdogo ulio mbali na Arusha. Njia mojawapo ya kwenda huko hupita Mto wa Mbu na Engaruka, kisha kando ya Ziwa Natron. Wakazi wake wengi ni Wamasai na Wasonjo, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Mwalimu mmoja wa hapo alikuwa na kompyuta nyumbani kwake, nayo siku moja ikawa bubu. Akampigia simu fundi aliyeko Arusha. Fundi akamwambia, "Mwalimu, hebu angalia kipaza sauti kimechomekwa tundu gani." Mwalimu akaangalia maikrofoni, kwa kuwa katika mikutano ya hadhara ndiyo aliyozoea kuisikia ikiitwa kipaza sauti. Akaikuta katika tundu la waridi, mahali pake hasa, akajibu kuwa kila kitu ni sawa. Kumbe fundi aliuliza habari za spika.

Kompyuta ikapakiwa kwenye basi, spika zikabaki nyumbani. Fundi akaijaribu kwa spika zake mwenyewe, ikalia vizuri, akairudisha na salamu kwamba haina ugonjwa. Ilipofika Wasso, waya wa spika ukarudishwa katika tundu lile lile la buluu ulimokuwa, badala ya tundu la kijani. Kompyuta ikawa bubu tena. Nauli ilikwishalipwa mara mbili, na kosa halikuwa la mwalimu wala la fundi. Kosa lilikuwa la neno.

Yafaa kuuliza neno hili lilifikaje hapo. Mashine ya kwanza ya sauti kuenea katika mwambao wetu ilikuwa santuri. Siti binti Saad aliporekodiwa Bombay mwaka 1928, wasikilizaji wa Unguja walihitaji mashine yenye kutoa sauti tu. Chombo cha kupokea sauti kilibaki huko Bombay. Redio nayo ilikuwa hivyo hivyo. Kituo cha utangazaji cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1951, maikrofoni ilikuwa studio, na spika ilikuwa sebuleni. Mafundi wa redio wakalitwaa neno spika kutoka Kiingereza, likakaa bila kutatanisha, ingawa lugha yetu ilimpa jina hilo hilo kiongozi wa Bunge.

Kipaza sauti ni mtoto wa mikutano ya hadhara. Neno limetokana na kitenzi paa, kikazaa paza, kisha kipaza. Ni neno lililoundwa vizuri kwa kanuni za lugha yetu, ila halisemi ni upande gani wa safari ya sauti unaotajwa. Uwanjani hilo halikudhuru. Msemaji, waya na tarumbeta juu ya mti vilikuwa mtambo mmoja chini ya fundi mmoja, na aliyesema "kipaza sauti kimekufa" alieleweka, kwani fundi alikuwa hapo hapo. Kinasa sauti nacho, kutokana na nasa, kilifaa kwa mashine ya kurekodi. Lakini wengine wakaanza kuiita maikrofoni kinasa sauti, na utata ukaongezeka.

Kompyuta ilikuja kwa njia yake. Ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka miwili kabla ya Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 iliyoliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo kwa muda mrefu wananchi wengi walizijadili kwa majina, kama vile ngamizi na tarakilishi, kabla ya kuzigusa. Zaidi ya hayo, kompyuta za kibinafsi za awali, kama ile ya IBM ya mwaka 1981, zilikuwa na spika ndogo ya kutoa mlio tu. Kadi za sauti zilienea mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa mara ya kwanza mdomo na sikio la mashine vikawekwa bega kwa bega, katika matundu yanayofanana, mbele ya mtu asiye fundi. Rangi za kijani, waridi na buluu zilikuja baadaye kumsaidia. Rangi zikatenganisha kile ambacho neno letu lilikuwa bado limekiunganisha.

Wala si tundu peke yake. Mwenye kompyuta anaposema "sauti haipo", huenda kiwango cha sauti kimeshushwa, huenda sauti imenyamazishwa kwa kitufe, au huenda programu inayoendesha kadi ya sauti imeharibika. Programu hiyo mafundi huiita draiva. Neno hili na dereva wa gari yamezaliwa na neno moja la Kiingereza kwa nyakati mbili, na leo hakuna anayeyachanganya. Huu ni ushahidi kwamba kukopa si aibu, endapo neno lililokopwa linatenganisha vitu viwili.

Kwa sababu hizo tunapendekeza spika ibaki kwa chombo kitoacho sauti, maikrofoni kwa kipokeacho, na kinasa sauti kwa mashine ya kurekodi. Kipaza sauti kiachiwe mtambo mzima wa uwanjani, mahali kilikozaliwa. Aidha, tuseme kiwango cha sauti pale tunapokusudia ukubwa wake, na kunyamazisha pale inapozimwa kwa makusudi.

Fundi aliye karibu hutumia macho na bisibisi. Fundi aliye mbali hana zana nyingine ila maneno. Tunawaomba wasomaji, hasa mafundi na walimu wa wilaya za pembezoni, watuletee maneno wanayoyatumia vyombo vyao vinapoharibika, ili yajadiliwe pamoja na haya.