Wapemba wa Ng'ambo: Nasaba Mbele ya Sheria

Katika visiwa na miji ya mwambao, mtu hujulikana kwa wazee wake. Mgeni akishuka chomboni huulizwa ni wa nani kabla ya kuulizwa anatoka wapi. Na jina la babu likishatajwa, mara nyingi hupatikana mjomba au shangazi wa kumkaribisha. Nasaba ndiyo iliyokuwa hati ya msafiri. Lakini katika karne ya ishirini lilizuka swali jingine, ambalo baharini halikuwa na maana kubwa: mzazi wa mtu huyu alizaliwa upande gani wa mpaka? Jamii iliyoonja uchungu wa swali hilo kwa muda mrefu ni Wapemba wa pwani ya Kenya.

Mkondo unaoitenga Pemba na bara una upana wa takriban kilomita 50, na wavuvi wa kisiwa hicho wameuvuka tangu zamani. Walikuwa wakienda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi ugenini kwa msimu mmoja, kisha pepo zikigeuka hurejea kwao. Wengine hawakurejea. Walioa, wakajenga, wakazika wazazi wao huko huko, kuanzia Vanga na Shimoni hadi pwani ya Kilifi na Malindi. Wengi wa hao walihamia katika miongo iliyotangulia uhuru, na wakati huo ni vigumu kusema kwamba walikuwa wamehama nchi. Ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliutawala kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, huku wakimlipa Sultani kodi kila mwaka, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya ngome ya Mombasa. Mpemba aliyetia nanga Gazi alikuwa bado katika nchi ya Sultani wake, japo kwa jina tu.

Tarehe 8 Oktoba 1963 Sultani aliridhia kuuachia ukanda huo uwe sehemu ya Kenya huru. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba, na Kenya tarehe 12 Desemba. Katika siku hizo chache bahari moja ikawa ya mataifa mawili, na mvuvi aliyekuwa amelala pale pale alipolala miaka yote akaamka mgeni.

Katiba ya Kenya ya mwaka 1963 ilimpa uraia mtu aliyezaliwa Kenya chini ya himaya ya Mwingereza, ila kwa sharti moja: angalau mmoja wa wazazi wake awe naye amezaliwa Kenya. Aliyezaliwa Shimoni na baba wa Wete na mama wa Micheweni hakulitimiza. Mtu wa namna hiyo alipewa muda wa miaka miwili kujiandikisha. Muda huo uliwafaa waliokaa mijini, walio karibu na ofisi na magazeti. Kwa mvuvi wa kambi ya mbali, uliweza kupita bila yeye kujua kwamba kuna jambo analotakiwa kulidai. Nani angekwenda kuomba alichoamini kuwa anacho?

Watoto waliozaliwa Kenya baada ya uhuru walikuwa na nafuu, kwa kuwa katiba ile ile iliwahesabu kuwa raia kwa kuzaliwa katika ardhi ya Kenya. Nafuu hiyo nayo iliondolewa. Mwaka 1985 katiba ilirekebishwa: kuzaliwa Kenya hakukutosha tena, ila mmoja wa wazazi awe raia. Rekebisho hilo likahesabiwa kuanzia siku ya uhuru, hata mtu mzima mwenye miaka ishirini na moja akaweza kuambiwa kwamba uraia aliozaliwa nao haukuwapo kamwe. Kasoro ya hati za baba ikawa urithi wa mwana, na ya mwana ikawa ya mjukuu.

Kuna atakayeuliza: kwa nini wasirejee kudai uraia wa asili yao? Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 humpa uraia wa kurithi mtoto aliyezaliwa nje ya nchi, baba au mama yake akiwa raia. Lakini mzazi aliyeupata uraia kwa kurithi hawezi kumrithisha mwanawe aliyezaliwa nje. Kwa hiyo hata pale ambapo mzazi alihesabiwa raia wa Tanzania, kamba ilikatika kwa mjukuu. Kenya ilimwona Mpemba, Tanzania ilimwona mzaliwa wa Kenya, na yeye akabaki katikati ya mkondo.

Kukosa kitambulisho ni kukosa mengi: leseni ya uvuvi, hati ya kiwanja, akaunti ya benki, kazi yenye mkataba, na katika zama hizi hata laini ya simu. Wako waliojinusuru kwa kujiandikisha kama Wabajuni au Wadigo, wakapata kitambulisho kwa kabila la jirani. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hawa waliambiwa, bila maneno, kwamba wasipoiacha asili watabaki bila nchi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilileta jambo la kufikirisha. Mtoto aliyeokotwa nchini Kenya, anayeonekana kuwa na umri chini ya miaka minane na ambaye wazazi wake hawajulikani, hudhaniwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Huruma hiyo ni ya haki. Lakini mtoto wa Kipemba aliyeweza kutajiwa wazee wake hadi babu wa saba hakuwa na dhana ya namna hiyo ya kumkinga. Kilichomwangusha ni kule kujulikana kwa wazazi wake.

Sheria ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa wasio na uraia wa nchi yoyote, mradi wawe wameishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963. Na wazao wao nao wakapewa njia. Hata hapo tarehe ilikuwa na ukali wake. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Waliovuka mkondo kwa sababu ya misukosuko hiyo walichelewa, kwa maneno ya sheria, kwa mwezi mmoja. Wamakonde, waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai haki yao, na serikali ikawatambua. Zamu ya Wapemba ilifika mwaka 2023: walitambuliwa kuwa jamii mojawapo ya Kenya, na mwezi Julai mwaka huo Rais William Ruto akakabidhi vitambulisho mjini Kilifi. Jamii hiyo ilikadiriwa kuwa na watu wapatao 7,000.

Yafaa kutazama kilichobadilika. Asili iliyofichwa kwa miaka sitini sasa ilihitajiwa. Ili aandikishwe, mtu alipaswa kusema wazi kwamba yeye ni Mpemba na kueleza wazee wake walivyofika; na pale hati zilipokosekana, kumbukumbu za wazee ndizo zilizosimama mahali pa karatasi. Waliokuwa wamejificha katika makabila ya jirani wakabaki na swali la namna ya kulirudia jina lao bila kuhatarisha kitambulisho walichonacho.

Uraia waliopewa ni wa kuandikishwa, nao hauna nguvu sawa na wa kuzaliwa, kwa kuwa katiba inaruhusu ubatilishwe kwa sababu kadhaa. Lakini katiba hiyo hiyo yasema kwamba mtoto ambaye baba au mama yake ni raia, naye ni raia kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa. Mtoto wa Kipemba atakayezaliwa leo na mzazi aliyeandikishwa hatahitaji kuulizwa babu yake alizaliwa upande gani wa mkondo. Akimtaja, atamtaja kama walivyotajwa wazee siku zote mwambaoni: ili ajulikane ni wa nani.