Kutoweka kwa Paula Jean Welden

Paula Jean Welden alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Bennington College, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Alitoweka alasiri ya Jumapili, tarehe 1 Desemba 1946, akiwa na umri wa miaka 18, baada ya kuonekana katika njia ya milimani iitwayo Long Trail. Maiti yake haikupatikana na hakuna mtu aliyewahi kushtakiwa.

Paula alikuwa binti wa kwanza wa William Archibald Welden wa Stamford, Connecticut, mbunifu wa bidhaa za viwandani. Masufuria ya Revere Ware, yale ya chuma cha pua yenye kitako cha shaba yaliyoenea katika majiko ya Wamarekani, ni kazi ya mzee huyo. Chuo alichosoma binti yake kilikuwa kidogo, cha wanawake watupu wakati ule.

Jumapili hiyo Paula alimaliza zamu yake ya kazi bwaloni, akarudi bwenini kubadili nguo, akamwambia mwenzake wa chumbani kwamba anakwenda kutembea mwendo mrefu. Alivaa jaketi jekundu lenye kofia, suruali ya jinzi na raba nyeupe. Hakubeba begi wala nguo za akiba, na fedha alizokuwa nazo zilikuwa chache. Mambo haya madogo yana uzito kuliko dhana nyingi zilizokuja kuzuka baadaye: anayevaa hivyo milimani mwezi wa Desemba anakusudia kurudi kabla ya usiku.

Karibu na lango la chuo alipata lifti, akashushwa katika barabara namba 9, upande wa Woodford, jirani na inapopita Long Trail. Watu kadhaa walikutana naye huko. Paula alimuuliza mmoja wao njia ile inafika wapi, akajibiwa kuwa inafika Kanada. Jibu lilikuwa sahihi: Long Trail inaanzia mpaka wa Massachusetts na kuvuka Vermont yote, karibu kilomita 440. Magharibi ilikuwa inakaribia, na baada ya hapo habari zake zinakatika.

Mwenzake wa chumbani alidhani yuko mahali pengine chuoni anajisomea, hivyo usiku mzima ukapita bila mtu kumtafuta. Jumatatu msako ulipoanza, masomo yalisimamishwa ili wanafunzi na walimu waingie msituni. Mbwa wa kunusa waliletwa, ndege zikaruka juu ya milima, na zawadi ya dola 5,000 ikatangazwa. Ilisemekana pia kuwa msichana anayefanana naye alionekana mgahawani Fall River, Massachusetts, lakini fununu hiyo haikuzaa kitu.

Udhaifu mkubwa ulikuwa wa serikali yenyewe. Vermont haikuwa na polisi wa jimbo. Kila kaunti ilimtegemea sherifu wake na wasaidizi wachache, watu wasio na mafunzo wala vifaa vya upelelezi mkubwa. Ilibidi kuomba wapelelezi kutoka Connecticut na New York, na wakati huo siku za mwanzo, ambazo ndizo zenye thamani kuliko zote mtu anapopotea, zilikuwa zimekwisha. Baba wa Paula aliilaumu hali hiyo hadharani, na alikuwa na haki kabisa. Mwaka 1947 bunge la Vermont lilipitisha sheria, na Julai mwaka huohuo polisi wa jimbo wakaanza kazi chini ya Merritt Edson, jenerali mstaafu wa wanamaji aliyepata sifa vitani Guadalcanal. Kikosi hicho kipya kilirithi jalada la Paula likiwa tayari limepoa. Mkazi mmoja wa kando ya njia ile alihojiwa mwaka 1946 na tena mwaka 1952, na maelezo yake yaligongana. Hata hivyo hapakuwa na ushahidi wa kumfikisha mahakamani, na si haki kumhesabu kuwa mhalifu.

Mwandishi Shirley Jackson, ambaye mumewe alifundisha chuoni hapo, alitoa riwaya ya Hangsaman mwaka 1951, inayomhusu mwanafunzi wa chuo cha wasichana. Mara nyingi huhusishwa na kisa hiki.

Mwaka 1992 mwandishi Joseph Citro alilipa eneo hilo jina la Pembetatu ya Bennington, akiunganisha kisa cha Paula na vya watu wengine waliopotea kati ya 1945 na 1950. Simulizi za mlima unaomeza watu zimependwa sana, lakini zinamgeuza binti wa watu kuwa kitisho cha kuchangamshia baraza. Waliounganishwa naye hawafanani: mzee wa miaka 74 aliyekuwa akiongoza wawindaji, mtoto wa miaka 8, mwanamke wa miaka 53. Huyu wa mwisho, aliyepotea Oktoba 1950, maiti yake ilipatikana Mei 1951, ikiwa imeharibika kiasi kwamba chanzo cha kifo hakikuweza kujulikana.