Verdiana Masanja, mwanahisabati kutoka Bukoba
Profesa Verdiana Masanja, anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kutunukiwa shahada ya uzamivu katika hisabati, alizaliwa Bukoba mwaka 1954. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976. Tasnifu yake ya uzamili ilichunguza mtiririko wa viowevu ndani ya bomba, jambo linaloonekana jepesi hadi mtu ajaribu kulikokotoa. Uzamivu aliupata Berlin, Ujerumani. Mwaka 2006 alikwenda kufundisha kwa majirani zetu, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, na huko akaongoza shughuli za utafiti. Nchini Tanzania aliratibu mradi wa FEMSA, uliodai wasichana wa Afrika nao wafunguliwe mlango wa hisabati na sayansi.