Maternelle: watoto wangapi kwa mwalimu mumoja, ku shule za leta na ku privé?

Kila mwaka, wiki chache mbele ya rentrée ya Septemba, wazazi wa Bukavu, Goma, Uvira ao Butembo wanazunguka shule kwa shule na swali moja: minerval ni ngapi? Ni wachache wanauliza watoto wangapi wataingia mu darasa moja na walimu wangapi watawaangalia. Lakini kwa mutoto wa miaka mitatu, hesabu hiyo ndiyo inaamua kama atafundishwa ao atachungwa tu mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Maternelle, ile wengi bado wanaita gardienne, inapokea watoto wa miaka 3 mpaka 5. Shule za leta ziko namna mbili: zile ambazo serikali inaongoza yenyewe, na zile za conventionnées, ambazo tangu mapatano ya 1977 zinaongozwa na makanisa na dini zingine, lakini leta ndiyo inapaswa kulipa walimu. Kwa hiyo kusema kila shule ya masista ni privé si kweli. Inafaa kuuliza. Privé ni ile yenye kuishi kwa feza ya wazazi, ikuwe ya mutu, ya shirika ao ya kanisa.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya musingi ni ya lazima na ya bure ku shule za leta. Inasema primaire. Maternelle haiko ndani. Wakati masomo ya bure yalianza kutumika Septemba 2019, madarasa ya primaire yalifurika, na ku maternelle muzazi aliendelea kulipa. Hiyo ni moja ya sababu zinazofanya maternelle ibakie jambo la miji na la wenye kuwa na kitu. Kwa inchi nzima, hesabu za miaka iliyopita zilionyesha kwamba haifiki hata mutoto mumoja juu ya kumi wa umri huo anayepita huko, na wengi wao beko mu privé.

Ku leta, shida inajulikana. Kuongeza darasa kunaomba mwalimu, na mwalimu mupya anaweza kufundisha miaka mingi akingoja jina lake liingie ku liste ya malipo. Ndio wale tunaita nouvelles unités. Direktere anaona ni mwepesi kuongeza watoto kuliko kuongeza mwalimu. Kule familia zilikimbia vita, darasa linaweza kujaa katikati ya mwaka, na hakuna mutu wa kurudisha mutoto ku mulango.

Je, privé ni dawa? Inategemea privé gani. Tufanye hesabu ya mufano tu. Shule inaomba dola 10 kwa mwezi. Watoto 25 wanaleta dola 250; humo kunatoka nyumba ya kupanga, maji, na mushahara wa mama mwalimu. Watoto 50 wanaleta dola 500, na nyumba ni ile ile, mama mwalimu ni yule yule. Muone namna mwenye shule anavutwa. Minerval ikiwa kubwa, anaweza kukataa mutoto wa 26. Ikiwa ndogo, kila mutoto mwenye kuongezeka ni feza ya loyer. Ndiyo maana kati ya privé ya bei ya chini na shule ya leta tofauti inaweza kuwa ndogo kuliko tofauti kati ya privé mbili za avenue moja.

Kuna pia muchezo wa hesabu. Shule inasema: "Tuko na watoto 120 na wafanyakazi 6, ni watoto 20 kwa mutu mumoja." Lakini kati ya wale 6 kuna direktere, mwenye kukamata feza, na sentineli. Walimu wenye kuingia mu darasa ni 3. Kila mumoja anabaki na watoto 40. Liste haidanganyi, ila haiambie muzazi kile anatafuta.

Na 40 ni nini kwa mama mwalimu? Asubuhi ya saa tatu ni dakika 180. Toa moja ya saa hizo kwa goûter, kucheza na kupanga mustari, zinabaki 120. Kwa watoto 20, kila mumoja anapata dakika 6. Kwa 40, dakika 3, na mutoto mumoja akiomba kwenda choo wengine 39 wanabaki peke yao. Hapo mwalimu anafanya kile kila mutu anafanya akizidiwa: wote warudilie pamoja a, e, i, o, u, kwa sauti kubwa.

Marekani, mu jimbo la Tennessee, walijaribu jambo hilo kuanzia 1985 mpaka 1989. Watoto zaidi ya 11,000, kuanzia maternelle yao mpaka mwaka wa tatu wa primaire, waligawanywa kwa kura: madarasa ya watoto 13 mpaka 17, madarasa ya 22 mpaka 25, na mengine ya 22 mpaka 25 yenye musaidizi. Wale wa madarasa madogo walisoma na kuhesabu vizuri zaidi, na watoto wa familia maskini walipata faida zaidi. Musaidizi peke yake hakubadilisha kitu kikubwa. Kwa hiyo shule ikikuambia "darasa ni la watoto 50 lakini kuna nounou", usitulie haraka. (Kwetu, darasa lile walihesabu kuwa kubwa tungeliita ndogo.)

Ngambo ya Tanganyika, Tanzania iliweka kipimo cha watoto 25 kwa mwalimu mumoja wa awali, kisha ikaondoa malipo ku shule za serikali kuanzia 2016. Watoto walimiminika, na ku shule za serikali hesabu ikapita 100 kwa mwalimu mumoja. Wale wenye kuomba maternelle ya bure kwetu wanapashwa kuomba na walimu siku ile ile.

Kwa muzazi wa sasa, njia ni kwenda ku shule siku ya kazi, kuelekea saa tatu ya asubuhi, na kuhesabu vichwa mu darasa lenyewe. Uliza nani anafundisha miaka mitatu, na kama wamechanganywa na wa miaka mitano. Uliza mwalimu amebadilika mara ngapi mwaka uliopita. Kule hawalipwi, hawakai. Komite ya wazazi (COPA) inaweza kuuliza maswali hayo kwa direktere mu mukutano, ku leta na ku privé, na inafaa iyaulize mbele watu hawajamaliza kulipa trimestre ya kwanza.