Kusomea Sheria za Mataifa

Mtu akitoka Karatu kwenda Ngorongoro hupita kati ya mashamba ya ngano na ya kahawa, kisha hufika lango la Loduare, na hapo msitu huanza. Kwa macho lango hilo ni nguzo na paa tu. Lakini nyuma yake ziko karatasi nyingi, na baadhi yake ziliandikwa mbali sana, na watu ambao hawakupata kuiona nchi hii. Katika habari hii twataka kueleza kwa ufupi karatasi hizo ni zipi, na jinsi vijana wa nchi yetu walivyopata kufundishwa kuzisoma.

Mwaka 1886, na tena mwaka 1890, Uingereza na Ujerumani zilipatana huko Ulaya juu ya mpaka wa nchi zetu. Mstari ulipigwa kutoka pwani, ukazunguka Kilimanjaro, ukaenda mpaka ziwa kubwa la Nyanza, ukakata malisho ya Wamasai vipande viwili. Wenye malisho hawakuulizwa. Mwaka 1892 ndipo Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipoingia kreta ya Ngorongoro, naye ndiye Mzungu wa kwanza anayejulikana kufika humo. Yaani nchi iligawanywa kwanza, ikaonwa baadaye.

Vita kuu ya kwanza ilipokwisha, Wajerumani waliinyang'anywa nchi hii kwa mapatano ya Versailles ya mwaka 1919, na mwaka 1922 Chama cha Mataifa kikaiweka mikononi mwa Waingereza iwe amana. Mwaka 1946 amana hiyo ikawa chini ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, ikafanywa hifadhi ambamo watu na wanyama wakae pamoja. Mwaka 1977 Tanzania iliingia katika mapatano ya mataifa juu ya urithi wa dunia, na mwaka 1979 Ngorongoro ikaandikwa katika orodha ya urithi huo. Mapatano ya namna hii, baina ya dola na dola, ndiyo yaitwayo sheria za mataifa. Twaona basi kwamba si mambo ya watu wa miji mikubwa tu. Yamegusa ng'ombe, kisima na shamba.

Watu wa kwanza wa upande wetu kupeleka shauri lao mbele ya mataifa walikuwa Wameru. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa Ngare Nanyuki ili nchi wapewe walowezi. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York mwaka 1952. Walisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mweusi aliyezaliwa katika kisiwa cha Bermuda, aliyekuwa akifanya kazi yake Moshi. Japhet alisimama akanena mbele ya wajumbe wa dunia. Kamati moja ya Baraza Kuu ilikubali neno la Wameru. Lakini katika Baraza Kuu lenyewe kura hazikufika theluthi mbili, na shauri likaanguka.

Wako wasemao: ikiwa hivyo ndivyo, elimu hiyo ina faida gani? Wameru walisikiwa, lakini kura ile haikuwarudishia nchi yao. Sisi twajibu kwamba neno hilo ni kweli, wala hatupendi kulificha. Kujua sheria si ahadi ya kushinda. Lakini tuangalie pia kwamba wako wengi walioondolewa katika nchi zao kabla ya Wameru, na majina yao hayakuandikwa popote. Wameru walikuwa na mtu aliyejua ni mlango upi wa kubisha, na maneno gani ya kusema ukifunguliwa. Lakini mtu huyo alitoka ng'ambo ya bahari, kwa kuwa wakati huo Tanganyika haikuwa na shule yake ya sheria.

Shule hiyo ilianza tarehe 25 Oktoba 1961, katika nyumba ya chama cha TANU huko Dar es Salaam, nayo ilikuwa na wanafunzi 14. Siku 45 baadaye nchi ikapata uhuru. Mwalimu Julius Nyerere aliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mapatano ambayo Uingereza ilikuwa imeyafanya na dola nyingine kwa ajili ya Tanganyika yangeshikwa kwa miaka miwili, ili yachunguzwe, na yasiyofaa yaachwe. Neno hilo lilisifiwa na wataalamu, likaitwa kwa jina lake. Lakini fikiri, msomaji, ni nani wangeyachunguza? Wale 14 walikuwa ndio kwanza wamefungua vitabu.

Haja hiyo haikuwa ya Tanganyika peke yake. Huko The Hague, Uholanzi, palikuwa na chuo cha sheria za mataifa tangu mwaka 1923, lakini nauli na chakula vilikuwa mzigo mkubwa kwa vijana wa nchi changa. Basi tarehe 20 Desemba 1965 Umoja wa Mataifa uliweka mpango wa kusaidia mafundisho ya sheria hiyo, pamoja na nafasi za masomo kwa wanasheria wa nchi hizo. Mwaka 1967 mafundisho ya namna hiyo kwa watu wa Afrika yalifanyika papa hapa kwetu, Dar es Salaam. Tangu mwaka 2011 yamefanyika mara nyingi Addis Ababa.

Nafasi hizo huenda hivi. Kijana aliyekwisha kupata shahada ya sheria, naye angali mwanzoni mwa kazi, ama ya kufundisha ama ya serikali, huomba. Akichaguliwa hulipiwa safari, malazi na mafunzo, akakaa majuma kadhaa pamoja na wenzake wa nchi nyingi, akisikiliza mabingwa na kuwauliza. Kisha hurudi kazini kwake.

Elimu hii imezaa matunda. Seaton mwenyewe, pamoja na Sosthenes Maliti, alitoa mwaka 1973 kitabu juu ya mapatano ya Tanzania na mataifa mengine. James Kateka aliingia mwaka 2005 katika mahakama ya sheria ya bahari huko Hamburg. Chris Maina Peter, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichaguliwa mwaka 2011 kuwa mmoja wa tume ya Umoja wa Mataifa inayotunga na kuchunguza sheria hizo.

Nayo haja haijapungua. Mwaka 2017 vijiji vinne vya wilaya ya Ngorongoro, yaani Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vilipeleka shauri la ardhi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mwaka 2022 shauri lilitupwa. Mwaka 2023 majaji wa rufani waliitangua hukumu hiyo, wakaamuru lisikilizwe upya. Hapa hatuamui nani ana haki. Twasema tu kwamba wanakijiji na serikali, wote wawili, walihitaji watu waliosoma. Na safari ya Kirilo Japhet ya kuvuka bahari sasa ni mwendo wa kilomita 140 hivi kutoka Karatu.

Wakristo wenzangu, twakumbuka jinsi Mtume Paulo alivyofundishwa miguuni pa Gamalieli, na jinsi alivyoijua haki yake ya Kirumi. Alipoona kwamba hapati hukumu ya haki, alijua kukata rufani kwa Kaisari. Akina mama na akina baba wa Karatu, msimwondoe mtoto shuleni wakati wa mavuno mkisema kwamba sheria ni kazi ya wana wa wakubwa. Nanyi vijana mtakaojaliwa kwenda mbali, rudini. Mzee aliyepigiwa mstari katikati ya malisho yake angali anangoja mtu wa kumsomea karatasi ile kwa lugha anayoielewa.